Tuisome Karatasi ya Matangazo

Kila Jumapili, katika sharika zetu za Mbagala, Chamazi, Yombo, Tegeta, Bunju na kwingineko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, hufika wakati ambapo mzee wa zamu husimama na karatasi mkononi. Washarika hukaa vizuri kwenye mabenchi, watoto hupewa pipi watulie, na aliyesahau miwani huomba ya jirani. Ni wakati wa matangazo. Wachungaji wengi tunautumia wakati huo kupitia tena maandalizi ya mahubiri. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Matangazo niliyasikia kama mtu anavyoisikia mvua juu ya bati: ipo, inapiga kelele, itakatika.

Siku hizi nayasoma. Nayasoma kama nilivyofundishwa chuoni kuzisoma nyaraka za Paulo: nani anaandika, anawaandikia akina nani, nani ametajwa na nani hakutajwa, jambo gani limetangulizwa na lipi limesukumwa mwisho. Nimefikia kuamini kwamba ukitaka kujua kanisa la mahali linaamini nini, usianze na Ukiri wa Imani. Huo tunausema kwa pamoja, na tumeukariri tangu darasa la kipaimara. Anza na karatasi ya matangazo. Humo tunasema yaliyo moyoni bila kujua kwamba tunayasema.

Ninayo moja mezani ninapoandika haya. Ni ya usharika niliowahi kuutumikia. Sitautaja jina, na sina haja, kwa kuwa ukikunja sehemu ya juu yenye jina na anwani unaweza kudhani ni ya usharika wako. Inaanza vizuri: siku ya Bwana inayoadhimishwa na neno linalotuongoza. Baada ya hapo wageni waliofika na vyeti. Kisha matoleo ya Jumapili iliyopita, ibada ya kwanza, ibada ya pili na Shule ya Jumapili, hadi shilingi ya mwisho. Kisha ahadi za jengo, pamoja na orodha ya waliokamilisha, kwa majina na kiasi. Kisha bahasha za mwaka ambazo wenyewe hawajazichukua. Kisha harambee ya vigae vya sakafu, mgeni rasmi atatangazwa. Kisha kwaya inazindua nyimbo zake, kadi zinapatikana mlangoni. Kisha kitenge cha akina mama. Kisha ndoa. Kisha ibada za nyumba kwa nyumba. Na mwisho kabisa, mstari mmoja: tuendelee kuwaombea wagonjwa wetu.

Zaidi ya nusu ya karatasi hiyo ni fedha kwa namna moja au nyingine. Aliyetoa laki tano za vigae ana jina. Mgonjwa hana.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa katika ile orodha ya ibada za nyumba kwa nyumba. Kila jumuiya imeandikiwa wiki hii itasali wapi: kwa Bwana na Bibi fulani, kwa Mama fulani, kwa Mzee fulani. Mbele ya jumuiya moja limeandikwa neno moja tu: watatangaziana. Nilikwenda kwenye faili nikatazama karatasi ya wiki iliyotangulia. Watatangaziana. Ya kabla ya hiyo, watatangaziana. Nikarudi nyuma miezi mitatu, na neno ni lile lile.

Msomaji wa kanisani analijua neno hili. Juu juu linasema kwamba wenyewe watapeana taarifa. Ukilichimba linasema hatujui watakutana wapi, hatujui kama watakutana, na hakuna aliyeuliza. Jumuiya yenyewe ilikuwa upande wa bondeni, kwa wapangaji, watu wa chumba kimoja, akina mama wa genge na vijana wa bodaboda, ambao kodi ikipanda wanahama. Jumuiya za upande wa barabarani, zenye nyumba za geti, hazikuwahi kukosa pa kusalia. Na nisijifanye mtazamaji wa mbali. Kila karatasi ile ilipita mezani kwangu kabla ya kuchapwa. Watatangaziana nililiidhinisha mimi.

Katika jumuiya hiyo aliishi mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi. Alifariki siku ya Alhamisi. Mwanawe mkubwa alikuja ofisini kuomba mazishi. Nilimpa pole, nikamkaribisha akae, kisha nikafanya nilichokuwa nimezoea: nikamwita karani aje na daftari la bahasha. Ulikuwa ni utaratibu. Namba ya mama yule ilikuwapo. Mbele yake, kwa mwaka ule na karibu wote uliotangulia, hapakuwa na kitu. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu hakuwa hai. Mtu asiyeijua lugha yetu ya kanisani atashangaa maneno hayo yakisemwa juu ya marehemu, lakini ninyi washarika mnayaelewa: hakuwa mshiriki hai, hakuwa akitoa. Tukazungumza, tukafikia kile tulichokiita busara. Mwili hautaingia kanisani. Mwinjilisti atakwenda nyumbani na makaburini. Kwaya haitatumwa. Kijana akasema, "Asante, Baba Mchungaji," akatoka.

Jioni sikutulia, nikaenda msibani. Nilikuta turubai limefungwa, maji yamechotwa, masufuria yako jikoni. Wapangaji wenzake, wengi wao Waislamu, walikuwa wamechangishana tangu alfajiri. Mama mmoja alinitolea kiti akanikaribisha kwa heshima zote. Alipojua mimi ni nani alinitazama kidogo, akasema, "Karibu, Mchungaji. Sisi tulijua dada yetu huyu hana kanisa." Hakusema kwa kunikomoa. Alisema kama mtu anayesahihisha jambo alilokuwa amelielewa vibaya.

Nilimzika mwenyewe kesho yake. Silisemi hilo kujisifu, maana nilikuwa nimechelewa miaka miwili. Baada ya mazishi mwanawe alinieleza kwamba mama yake alianza kuugua kisukari, miguu ikamshinda, akaacha biashara. Nikarudi kwenye daftari. Mwezi ambao bahasha zake zilikoma ulikuwa umeandikwa pale, waziwazi, kwa wino wa bluu. Tulikuwa na taarifa ya ugonjwa wake kwa miaka miwili, tukaisoma kama deni. Na kila Jumapili katika miaka hiyo miwili tulisimama tukawaombea wagonjwa wetu.

Wengi wetu tukisikia maneno matengenezo ya kanisa tunafikiria nyundo na mlango wa Wittenberg. Wanahistoria wanabishana kama nyundo ilikuwapo kweli. Kwamba karatasi ilikuwapo hakuna anayebisha. Mwaka 2017, miaka 500 ilipotimia, tulivaa fulana na vitenge vya jubilei, nami nilikuwa na fulana yangu. Katika shangwe ile tulisahau kwamba karatasi yenyewe ilikuwa tangazo. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mwalimu wa Biblia mwenye umri wa miaka 33, alitoa hoja 95 akiwaita wenzake wajadiliane. Alikuwa akijibu tangazo jingine: mhubiri Johann Tetzel alikuwa akizunguka kunadi vyeti vya msamaha. Nusu ya fedha ilikuwa ya kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, na nusu ya kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa benki ya akina Fugger. Kwa hiyo tukitaka kusema kwa lugha ya kwetu, Matengenezo yalianza na ubishi juu ya harambee ya jengo.

Zipo hoja ambazo sijazisikia zikisomwa siku ya maadhimisho. Katika ya 43 Luther anafundisha kwamba kumpa maskini au kumkopesha mhitaji ni bora kuliko kununua cheti. Katika ya 45 anamlaumu anayempita mhitaji njiani huku akiwahi kulipia msamaha. Katika ya 50 anathubutu kusema kwamba ni afadhali jengo lile kubwa liteketee kuliko lijengwe kwa miili ya waumini. Huyo ndiye mtu ambaye jina lake limo katika jina la kanisa letu.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu ni rahisi kwa mtu wa mimbari kupiga kelele. Hakuna usharika wetu ninaoujua unaouza msamaha. Ahadi ya jengo si cheti cha Tetzel. Aliyekamilisha ahadi yake amefanya jambo jema, na wengi wameikamilisha kwa kujinyima. Lakini swali lililokuwa chini ya hoja zile 95 lilikuwa hili: mtu anasimama mbele za Mungu na mbele ya kanisa kwa neema au kwa risiti? Kwa midomo yetu tumelijibu tangu utotoni. Ofisini, siku ile ya Alhamisi, nililijibu kwa daftari.

Kuna jambo la pili tunalolisahau. Tunazungumza kana kwamba Luther alitaka kusahihisha mafundisho tu. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, huko Saksonia, ulitengeneza utaratibu wa kasha la pamoja, na Luther akauandikia utangulizi. Mali yote ya kanisa la mji iliingia katika kasha moja. Kasha lilikuwa na kufuli nne, na funguo ziligawanywa kwa makundi manne: wakuu wa ardhi, baraza la mji, wenyeji wa mjini na wakulima wa vijijini. Wasimamizi kumi walichaguliwa kutoka makundi hayo hayo. Mara tatu kwa mwaka walipaswa kutoa hesabu mbele ya mkutano wa watu wote. Kutoka kasha hilo walilipwa wachungaji na walimu, yakakarabatiwa majengo, na walihudumiwa yatima, wazee, wagonjwa, na mafundi waliokwama waliohitaji mkopo wa kuanzia. Mpango wenyewe ulipata taabu kubwa, kwa kuwa wenye mamlaka hawakuwa tayari kuziachia mali. Hata hivyo nawaombeni mtazame ile orodha ya matumizi. Jengo limo, na mgonjwa yumo, katika kasha moja, na mkulima ana ufunguo.

Kisha mwaka 1526, katika utangulizi wa utaratibu wake wa ibada kwa Kijerumani, Luther aliandika juu ya aina ya tatu ya ibada, mbali na ile ya Kilatini na ile ya watu wote kanisani. Alitamani kuwaona wale wanaotaka kuwa Wakristo kwa dhati wakiandikisha majina yao na kukutana nyumbani mwa mtu kusali, kusoma, kushiriki sakramenti, kuonyana, na kukusanya sadaka ya kuwagawia maskini. Ibada hiyo haikuhitaji madoido. Lakini hakuianzisha. Alikiri kwamba bado hakuwa na watu wa kuifanya.

Nilipousoma utangulizi huo mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi niliupita haraka, maana mtihani ulikuwa karibu. Nilipourudia baada ya msiba ule niliweka kitabu chini. Alichokitamani Luther akakosa watu, sisi tunacho, na watu tunao. Wanakutana kila wiki sebuleni, uani, chini ya mwembe, kwenye kibaraza cha duka. Wanasoma Neno, wanaimba bila kinanda, wanaombeana kwa majina. Nasi tunawaandika chini ya kitenge, na wengine tunawaandikia watatangaziana.

Wala si jambo geni lililoletwa juzi. Waulizeni wazee wa sharika za pembezoni zilivyoanza. Mtu alinunua kiwanja huko porini, akiwa ametoka Moshi, Same, Bukoba au Tukuyu, akakuta jirani naye ni Mlutheri, wakaanza kusali sebuleni kwa sababu kanisa lilikuwa mbali na nauli ilikuwa shida. Wakaongezeka, wakahamia chini ya mti, wakapata turubai, wakanunua eneo, wakaanza msingi. Jengo ni mtoto wa jumuiya. Leo mtoto amekua, amevaa vigae, na mama yake anatajwa mwishoni mwa karatasi.

Hata jina tulilojipa linatudai. Kanisa letu halikujiita parokia wala tawi. Tulijiita usharika, na kila mmoja wetu ni msharika, neno lenye undugu na shirika, ushirika na kushiriki. Ni kuwa na fungu katika kitu kimoja pamoja na wengine. Kama mama wa vitumbua hakuwa na fungu, basi sisi tulikuwa tukishiriki nini?

Mwezi Juni 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana hapa hapa Dar es Salaam, kule Chuo Kikuu, katika mkutano mkuu wa sita wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Mada yao ilihusu jumuiya mpya ndani ya Kristo. Walimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na walitamka jambo zito juu ya makanisa ya kusini mwa Afrika yaliyokuwa yakiwatenga watu kwa rangi: kwamba hilo halikuwa suala la utaratibu ambalo kila kanisa lingeamua lipendavyo, lilikuwa suala la kuikiri au kuikana imani. Sitaki kulilinganisha daftari la bahasha na uovu ule wa ubaguzi. Ila nakumbuka kwamba neno nililojitetea nalo siku ya Alhamisi lilikuwa utaratibu. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu kwenye meza ya Bwana wenye nacho walishiba na wasio nacho wakaaibishwa, na aliona kwamba kwa jinsi hiyo meza yenyewe imeharibika. Yakobo naye hakumvumilia mwenye pete ya dhahabu akipewa kiti kizuri na maskini akiambiwa asimame. Wote wawili wangeisoma karatasi yetu kwa makini.

Mtunza hazina wetu wa sasa, mama mwenye akili na ulimi, aliisoma rasimu ya makala hii. Alipofika hapa aliniuliza, "Baba Mchungaji, kwani umeme tunalipiwa na Roho Mtakatifu?" Ana haki ya kuuliza. Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898 na kukamilika 1902, lilijengwa na Wajerumani. Makanisa ya Mbagala na Bunju tumeyajenga wenyewe, kwa matofali yaliyobebwa vichwani na akina mama baada ya ibada. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi, na tunaokaa pembezoni tumewaona wakija, kiwanja kwa kiwanja. Watoto wa Shule ya Jumapili wanahitaji chumba. Mwinjilisti ana familia. Fungu la dayosisi lazima liende. Anayesema kanisa lisizungumze fedha hajawahi kukaa kwenye baraza la wazee mwezi wa pili, watu wamemaliza ada za shule na sadaka imekauka.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na namna tunavyozungumza. Chukueni mnada wa Jumapili. Mjane analeta kuku, kwa sababu hana noti. Kuku ananadiwa, washindani wawili wanapandishiana, mwisho ananunuliwa kwa shilingi elfu hamsini. Kanisa zima linapiga makofi. Nimeyatazama makofi yale mara nyingi, na kila mara yalimwelekea aliyenunua. Aliyeleta kuku wake pekee alikuwa benchi la nyuma, na mnadishaji hakumjua jina. Bwana wetu aliketi mahali kama pale, penye sanduku la sadaka, akamtazama mjane, akawaita wanafunzi wake wamwone. Kwetu anayetazamwa ni yule mwingine, na tunafanya hivyo ndani ya nyumba ya Bwana.

Katika usharika ninaoutumikia sasa tulilipeleka jambo hili barazani. Vikao vilikuwa vitatu na havikuwa vitamu. Mwishowe tuliacha kusoma majina na viwango vya waliotoa. Kila mmoja hupewa taarifa yake kwa siri. Hesabu ya usharika inabandikwa mlangoni na kusomwa mbele ya washarika wote mara tatu kwa mwaka, jambo ambalo nakiri tumeliiba Leisnig. Ibada za nyumba kwa nyumba zimepanda juu, mara baada ya neno linalotuongoza. Wagonjwa wanatajwa kwa majina, wenyewe wakiridhia. Na mtu akifiwa, daftari la bahasha haliletwi ofisini. Anaitwa mwenyekiti wa jumuiya, naye anaulizwa swali moja: mara ya mwisho nani alimtembelea?

Sitaficha yaliyofuata. Matoleo ya ahadi yalishuka miezi ya kwanza, na vigae vya upande wa kwaya bado havijawekwa. Familia moja ilihamia usharika mwingine. Baba mmoja, mtoaji mzuri na mtu wa maombi, alinifuata uani baada ya ibada akiwa amenuna. "Mchungaji, jina langu halisomwi siku hizi. Watu watadhani nimerudi nyuma." Nilitaka kumhubiria juu ya mkono wa kushoto usiojua wa kuume ufanyalo. Nikajizuia, kwa sababu nani alimfundisha kwamba kutosomwa ni kurudi nyuma? Ni sisi, Jumapili baada ya Jumapili, kwa kipaza sauti. Tulikaa kwenye benchi tukazungumza karibu saa nzima. Bado anatoa. Bado haipendi hali hii.

Liko pia jambo ambalo hatujalimaliza, na sijui kama litapita wakati wangu. Nilipendekeza nusu ya sadaka inayokusanywa kwenye ibada za nyumba kwa nyumba ibaki katika jumuiya yenyewe, kwa ajili ya mgonjwa, kodi ya mjane, daftari la mtoto. Sasa hivi yote huletwa ofisini Jumapili. Baadhi ya wazee wanaogopa kwamba fedha zitapotea mikononi mwa watu bila stakabadhi. Nimewauliza kama zile zinazokuja ofisini na kuwa vigae hazijapotea kwa yule mwenye njaa. Nilisema kwa hasira, na haikusaidia. Tutarudi tena kikao kijacho, nami nimeahidi kuja na daftari dogo la mfano, lenye safu za kuingia na kutoka, ambalo hata mwenyekiti asiyesoma sana anaweza kulijaza kwa msaada wa kijana.

Mwezi uliopita, karani aliniletea karatasi ya Jumapili niipitie. Nilifika kwenye orodha ya jumuiya, na mbele ya moja, ya kule mwisho karibu na mto, nikalikuta lile neno. Nilimwuliza karani. Akasema mwenyekiti wao amehama na simu yake haipatikani. Sikuisaini. Jumatano jioni nilipanda bodaboda na mwinjilisti, tukashuka pale lami inapoishia, tukauliza, tukaelekezwa, tukapotea, tukaelekezwa tena. Tulikuta watu sita na watoto, uani kwa binti mmoja mshona nguo, taa imening'inizwa kwenye kamba ya kuanikia. Walikuwa wamekwisha kuanza. Hawakusimama kwa ajili yangu, wakanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae, na kijana aliyekuwa akisoma akaendelea kusoma pale alipokuwa ameishia. Waliniomba nitoe neno. Niliwaomba waendelee wao.

Baada ya sala ya mwisho wakapanga wiki ijayo watasali wapi. Mzee mmoja akasema waje kwake, ila ana viti viwili tu na sakafu ni ya udongo. Yule binti akamjibu kwamba hilo si neno, kila mtu atakuja na ndoo yake. Nilitoa kalamu nikaandika jina la mzee yule nyuma ya kitabu changu cha nyimbo, pamoja na alama ya nyumba: mlango wa bluu, baada ya mashine ya kusaga.